Suke, Punje au Kipimo cha Sumukuvu: Njia Tatu za Kutambua Ngano Iliyoshambuliwa na Kuvu

Ngano inayoshuka Goma kutoka milima ya Lubero, yenye mashamba yaliyo juu ya mita 2,000, hupitia mikono mingi kabla ya kuwa unga. Mkulima huiona ikiwa bado kijani, mkusanyaji huiona ikiwa imepurwa na kufungwa guniani, mwenye depo huipokea baada ya safari ndefu ya barabara ya Butembo na Rutshuru, na anayeoka mikate au kusaga unga wa uji huikuta imekwisha kupoteza dalili nyingi ilizotoka nazo shambani. Kila mmoja wao hutaka kujua jambo lile lile: je, ngano hii imeguswa na kuvu, na kama imeguswa, inafaa kwa nini? Wengi hukwama hapo, kwa sababu hawajui kama inatosha kukagua masuke shambani, au kumwaga punje kwenye ungo na kuzitazama, au kama ni lazima kulipia kipimo cha sumukuvu, yaani sumu ambayo kuvu huiacha ndani ya punje.

Ulinganisho huu unazitazama njia hizo tatu kwa vigezo vitano: wakati ambao njia inafaa, yale inayofichua, mahali inapodanganya, gharama na ujuzi inaotaka, na hatua ambazo bado zinawezekana baada ya kuitumia. Naona kigezo cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi, ingawa ndicho kinachomgusa mtu mfukoni, maana ugonjwa unaotambuliwa wakati hakuna tena la kufanya huwa ni habari tu.

Njia ya kwanza: kukagua masuke shambani

*Wakati wake.* Muda wa kukagua masuke ni mfupi. Huanza suke linapotoka na kuchanua, na huendelea kwa takriban majuma matatu baada ya maua, shamba likiwa bado kijani. Shamba likishaiva na kugeuka rangi ya majani makavu, suke lililokufa kwa ugonjwa na suke lililoiva salama hufanana kwa mbali, na mkaguzi hubaki akikisia.

*Inafichua nini.* Hapa ndipo magonjwa hutofautiana waziwazi kuliko mahali pengine popote, na ndiyo sababu nitakaa hapa kidogo.

Ugonjwa wa fusariamu, unaosababishwa hasa na kuvu iitwayo Fusarium graminearum, huingia wakati wa maua, hasa mvua na unyevu vinapoambatana na joto. Dalili yake kuu ni suke lenye rangi mbili: visuke vichache, yaani vile vifungu vidogo vya maua vinavyounda suke, au nusu nzima ya suke, hupauka na kuwa vyeupe, huku sehemu iliyobaki ikiwa kijani kabisa. Ukilisogeza suke hilo karibu na jicho asubuhi, kukiwa bado na umande, utaona chini ya makapi ya kisuke kilichopauka, pale kinaposhikana na uti wa suke, utando mdogo wa rangi ya waridi au ya chungwa. Utando huo ni mkusanyiko wa mbegu za kuvu. Ukiuona pamoja na weupe wa nusu suke, una sababu nzuri ya kuamini kwamba ni fusariamu.

Blasti ya ngano huweza kufanana nao sana. Ugonjwa huu uligunduliwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la Paraná nchini Brazili mwaka 1985, ukafika Bangladeshi mwaka 2016, na mwaka 2018 ukaonekana katika wilaya ya Mpika nchini Zambia, nchi inayopakana na Katanga. Blasti pia hupausha suke, lakini mara nyingi weupe huanzia mahali pamoja kwenye uti na kupanda hadi kileleni, na ukitenganisha visuke hapo utakuta uti wenyewe una doa jeusi au la kijivu. Rangi ya waridi haipo. Mkulima anayeona dalili hizo amwite agronomu na asisafirishe mbegu yoyote kutoka shamba hilo hadi apate jibu.

Ugonjwa wa masizi yanayopeperuka hauhitaji jicho la fundi. Suke hutoka likiwa tayari jeusi, kila kisuke kimegeuka unga wa masizi, na baada ya siku kadhaa upepo huuondoa unga huo na kuacha uti mtupu umesimama katikati ya masuke yenye punje. Ndugu yake, ugonjwa wa masizi yanayonuka, hujificha zaidi: mmea huwa mfupi kidogo, suke hubaki na rangi ya kijani iliyoelekea buluu, na makapi hutanuka kama yanayosukumwa kutoka ndani, kwa sababu mahali pa punje pameshikwa na vifuko vya unga mweusi.

Ergoti, ugonjwa mwingine wa kuvu, huanza kwa matone yanayonata yanayotoka kwenye maua, kisha mahali pa punje huota pembe ngumu ya rangi ya zambarau iliyokoza, ambayo mara nyingi hutokeza nje ya makapi.

*Inapodanganya.* Suke jeupe peke yake halithibitishi ugonjwa wa suke. Suke likipauka lote, kutoka chini hadi juu, livute taratibu: likichomoka kwa urahisi na shina likaonekana limetafunwa, huyo ni funza wa shina; lakini mmea ukiwa na mizizi iliyooza na kuwa myeusi, tatizo liko kwenye udongo. Vilevile weusi mwepesi unaotanda juu ya masuke yaliyoiva na kukawizwa na mvua huwa ni ukungu wa juujuu tu, unaoota juu ya tishu zilizokwisha kufa, na haupaswi kuitwa masizi.

Udanganyifu mkubwa zaidi uko upande wa pili. Fusariamu ikiingia kwa kuchelewa, punje zikiwa zimekwisha kujaa, suke huweza kuonekana zima huku punje zimebeba sumu. Shamba lenye sura nzuri kwa hiyo haliwezi kuwa hati ya usalama wa chakula.

*Gharama na ujuzi.* Hakuna cha kununua. Kinachotakiwa ni miguu na subira: kupita shambani kwa mstari unaokata pande zote, kusimama mahali pengi, na kuhesabu masuke yaliyoguswa katika kila masuke mia, bila kuchagua yale yanayovutia jicho. Anayesimama ukingoni na kutazama hupata picha ya ukingo, nako mara nyingi upepo na jua hukausha umande mapema kuliko katikati.

*Hatua zinazobaki.* Kwa upande huu njia ya kwanza ina nafasi pana kuliko nyingine zote. Mkulima bado anaweza kuvuna kipande kilichoathirika peke yake na kukiweka mbali, kung'oa masuke ya masizi kabla hayajapeperuka, kuacha kutunza mbegu kutoka shamba hilo, na kupanga msimu ujao asipande ngano mahali palipokuwa na mahindi. Ushauri huu wa mwisho una uzito katika Kivu, kwa sababu kuvu ya fusariamu huishi pia kwenye mabua ya mahindi yaliyoachwa shambani, na ngano inayofuata mahindi hupokea mbegu za kuvu kutoka chini ya miguu yake yenyewe.

Njia ya pili: kutazama punje mkononi

*Wakati wake.* Njia hii hufaa tangu siku ya kupura hadi punje zinapoingia kwenye mashine ya kusaga. Ndiyo njia ya soko na depo, kwa kuwa mnunuzi wa Goma hana namna ya kurudi Lubero kutazama suke.

*Inafichua nini.* Mimina viganja viwili vya ngano kwenye sahani nyeupe, karibu na dirisha, utandaze hadi punje zisilaliane. Punje iliyoshambuliwa na fusariamu huwa nyepesi, imekunjamana, ina weupe wa chokaa usio na mng'ao, na wakati mwingine ina wekundu wa waridi upande wa kiini, yaani pale mche unapochipukia. Ukiibana kwa ukucha husagika kwa urahisi, tofauti na punje nzima inayokataa.

Kifuko cha masizi yanayonuka huwa na umbo la punje, lakini ni cha mviringo zaidi na rangi yake ni ya kijivu iliyoelekea kahawia. Kikipasuliwa hutoa unga mweusi laini wenye harufu ya samaki walioharibika, harufu ambayo yeyote aliyewahi kufungua mfuko wa sambaza waliolala ataitambua bila kufundishwa. Mara nyingi mtu huinusa kabla hajaona kifuko chenyewe, kwa kuwa vifuko vingi hupasuka wakati wa kupura, na unga wake hushika kwenye vinyweleo vya ncha ya punje nzima na kuzifanya zionekane chafu.

Pembe ya ergoti ni nyeusi nje, nyeupe au ya kijivu ndani inapovunjwa, na kwa kawaida ni ndefu kuliko punje. Usiichanganye na mavi ya panya, ambayo hayana weupe huo ndani. Kiwango cha Codex Alimentarius, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kwa ngano hakiruhusu zaidi ya asilimia 0.05 ya uzito kuwa pembe za ergoti, sawa na gramu 50 katika gunia la kilo 100, na hilo linaonyesha jinsi sumu yake inavyochukuliwa kwa uzito.

Zipo pia punje zenye ncha nyeusi, yaani zilizojaa vizuri lakini zimefanya weusi au kahawia upande wa kiini. Huu ni uharibifu wa kuvu nyingine, kama vile Alternaria na Bipolaris, unaokuja mvua zinapokuta punje zinaiva. Hupunguza bei na kuacha vidoa kwenye unga, lakini haupaswi kuhukumiwa sawa na fusariamu.

Mwisho kuna kuvu za ghalani. Punje iliyovunwa ikiwa safi kisha ikahifadhiwa na unyevu hufanya ukungu wa kijani au buluu kwenye kiini, hunuka uvundo, na hujikusanya katika mabonge. Uharibifu huu ulizaliwa depo, na lawama yake haimhusu mkulima. Ngano iliyokaushwa hadi unyevu usiozidi takriban asilimia 13 huwapa kuvu hizo nafasi ndogo sana.

*Inapodanganya.* Punje iliyosinyaa kwa ukame au kwa kutu ya ngano huwa nyembamba, lakini hubaki na rangi yake ya kahawia na ugumu wake. Punje iliyokosa naitrojeni ya kutosha shambani huweza kuwa na mabaka meupe yasiyopitisha mwanga, na wanunuzi wengi huidhania fusariamu. Ipime mkononi, maana hiyo imejaa na ina uzito. Mvua za mavuno nazo huondoa mng'ao wa punje bila kuziumiza sana.

Kasoro mbili za njia hii ni nzito zaidi. Ya kwanza inahusu masizi yanayopeperuka: kuvu yake hulala ndani ya kiini cha mbegu, na mbegu yenyewe huonekana nzuri, imejaa, ina rangi yake. Hakuna jicho, hata la mtu aliyezoea, linaloweza kuitenga. Ya pili inahusu upepetaji: punje mbaya za fusariamu ni nyepesi, hivyo nyingi huondoka na upepo kabla ya kufika guniani. Mnunuzi huona ngano safi, nayo kweli imeboreka, lakini punje zilizoambukizwa kwa kuchelewa zimebaki humo zikiwa na uzito wa kawaida.

*Gharama na ujuzi.* Sahani, mwanga mzuri na mizani ndogo vinatosha. Chukua gramu 100, tenga punje zenye kasoro kwa aina zake, kisha pima kila fungu. Fanya hivyo kwa ngano iliyotolewa juu, katikati na chini ya magunia kadhaa, kwa kutumia sonda, yaani kile chuma chenye mfereji kinachochomwa guniani. Jicho hujifunza haraka likipewa mfano wa kulinganisha, na ningependa kila depo iwe na kijichupa cha punje safi na vijichupa vya punje mbovu vilivyoandikwa majina, ili muuzaji na mnunuzi wabishane juu ya kitu wanachokiona wote wawili.

*Hatua zinazobaki.* Bado inawezekana kupepeta tena, kuchambua kwa mkono, kukausha, kushusha bei, au kukataa mzigo. Pembe za ergoti huelea kwenye maji yenye chumvi nyingi na kutengana na punje, jambo linalowasaidia wenye mbegu kidogo, mradi mbegu isuuzwe na kukaushwa mara moja. Kinachotoka kwenye upepetaji, hata hivyo, kisipelekwe kwa mifugo kwa mazoea, kwa sababu hapo ndipo sumu ilipojikusanya.

Njia ya tatu: kipimo cha sumukuvu

*Wakati wake.* Kipimo hufanywa baada ya kuvuna, kabla ya kununua shehena kubwa au kabla ya kusaga chakula cha watu walio dhaifu.

*Inafichua nini.* Fusariamu huacha sumu, na ile inayopimwa zaidi kwenye ngano ni deoksinivalenoli, inayofupishwa DON. Huleta kichefuchefu na kutapika, na nguruwe hukataa chakula chenye sumu hiyo. Nyingine ni zearalenoni, inayovuruga uzazi wa mifugo, hasa nguruwe. Joto la kuoka halitoshi kuiondoa DON, kwa hiyo mkate ulioiva vizuri hauwi salama kwa sababu ya tanuri. Codex imeweka kikomo cha miligramu 2 za DON kwa kilo ya nafaka ambayo bado itasindikwa, miligramu 1 kwa kilo ya unga wa ngano, na miligramu 0.2 kwa kilo ya vyakula vya nafaka vya watoto wachanga na wadogo. Hakuna jicho linaloweza kusoma tofauti kati ya 0.2 na 1. Ni kipimo tu kinachoweza.

*Inapodanganya.* Kijiti cha kupimia DON hujibu kuhusu DON peke yake. Hakisemi lolote juu ya masizi, ergoti wala ukungu wa ghalani, na ngano inayonuka samaki inaweza kupita kwenye kipimo hicho bila kasoro. Pia sumu haigawanyiki sawasawa ndani ya mzigo: gunia moja linaweza kuwa nayo nyingi na jirani yake likawa safi. Ndiyo maana kosa kubwa hutokea kabla kijiti hakijaguswa, pale mtu anapochukua kiganja kimoja kutoka gunia lililo karibu na mlango. Sampuli ichukuliwe kutoka magunia mengi, ichanganywe, itandazwe na kugawanywa mafungu manne, mawili yanayotazamana yabakizwe na kuchanganywa tena, hadi kibaki kiasi cha kusagwa chote. Unga huo ndio unaopimwa.

*Gharama na ujuzi.* Vijiti vya haraka hutoa jibu kwa muda wa dakika chache, lakini vinahitaji kinu kidogo, mizani, na mtu anayefuata maelekezo bila kuruka hatua. Maabara huchukua muda zaidi na hutoa takwimu zinazoaminika zaidi. Kwa mtu mwenye magunia matatu gharama hii ni nzito, lakini koperative ikigawana kipimo kimoja kwa mzigo wa pamoja, uzito wake hupungua sana.

*Hatua zinazobaki.* Ni chache: kukubali, kukataa, au kuelekeza mzigo kwenye matumizi mengine. Kukoboa husaidia kwa sehemu, kwa kuwa DON hujikusanya zaidi kwenye pumba kuliko kwenye unga mweupe. Faida hiyo haiwafikii wanaosaga punje nzima.

Nani achague nini

*Mkulima ambaye ngano yake inachanua wakati wa mvua* aanze na masuke, na asisubiri mavuno. Akikuta rangi ya waridi kwenye sehemu moja ya shamba, avune sehemu hiyo mwisho na kuiweka peke yake. Akipanga kuuza kama chakula, aongeze kutazama punje baada ya kupepeta.

*Anayetunza mbegu* hana mbadala wa kukagua masuke, kwa sababu masizi yanayopeperuka hayaonekani kwenye punje. Shamba lenye masuke ya masizi, hata machache, lisitoe mbegu, maana unga wake umekwisha kufika kwenye maua ya majirani. Ikiwa hana mbegu nyingine, amwombe agronomu dawa inayopenya ndani ya mbegu. Dawa inayokaa juu ya ganda huweza kuzuia masizi yanayonuka, lakini haifiki mahali kuvu ya masizi yanayopeperuka ilipolala. Kituo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, cha Mulungu, karibu na Bukavu, ni mahali pa kuuliza kuhusu mbegu.

*Mchuuzi na mwenye depo* watategemea punje, nayo itawatosha kwa magonjwa mengi yanayoharibu sura, harufu na bei. Hata hivyo, wakisikia kwamba mvua zilinyesha mfululizo wakati wa maua huko mzigo ulikotoka, au wakiona punje za chokaa zinaongezeka kuliko kawaida ya msimu, wapime DON kabla ya kulipa pesa yote.

*Anayeoka mikate kwa unga mweupe* ananunua kitu ambacho hakina tena suke wala punje. Kwake maswali yanayobaki ni harufu, rangi na cheti cha kipimo kutoka kwa msagaji, na ana haki ya kukiomba.

*Mfugaji anayenunua punje nyepesi na makapi* ajue kwamba kuku huvumilia DON kuliko nguruwe. Nguruwe wakianza kuacha chakula kipya bila dalili ya ugonjwa mwingine, chakula hicho kiondolewe na kuchunguzwa kwanza.

*Anayesaga unga wa uji wa watoto* asitosheke na jicho lake wala la muuzaji. Anasaga punje nzima pamoja na pumba, mlaji wake ana mwili mdogo na hula chakula hicho kila siku, na kikomo chake ni cha chini kuliko vyote. Achague punje kwa mkono kwanza, aondoe kila iliyo nyepesi, yenye chokaa au weusi, kisha apime kilichobaki. Ikiwa kipimo hakipatikani msimu huo, apunguze sehemu ya ngano katika mchanganyiko na kuongeza soya au mtama aliouchambua kwa uangalifu ule ule, na anunue ngano kutoka kwa mkulima aliyeyakagua masuke yake na anayeweza kueleza alichokiona.